Alama Saba za Keziya

Nilipigiwa makofi msibani. Nimezika watu wengi, wa kwetu na wa kwa wenzetu, lakini sikuwahi kuona mtu akipigiwa makofi mbele ya jeneza, seuze mtu huyo kuwa mimi. Tulikuwa Isingiro, tunamzika mwenye shule niliyoiongoza nikiwa kijana, mzee ambaye sote tulimwita Meneja. Hata mke wake alimwita hivyo mezani. Kijana mmoja aliyeshika kipaza sauti alisoma historia ya marehemu, akafika kwenye shule, akasema kwamba tangu uanze mfumo wake wa mitihani ya kila wiki shule ile haijatoa mwanafunzi mwenye sifuri katika mtihani wa kidato cha nne. "Na mama aliyeanzisha mfumo huo tunaye hapahapa," akasema. "Madam Advera, tunaomba usimame watu wakuone." Nikasimama. Makofi yalianzia kwa walimu, yakaenea turubai zima, mpaka kwa akina mama waliokuwa wakimenya ndizi nyuma ya nyumba. Deo, mpwa wa marehemu ambaye sasa ndiye anayeirithi shule, alikuja akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Niliketi nikiwa na hasira, na kwa muda sikujua nimemkasirikia nani. Mfumo, walisema. Ninajua mfumo ule ulijengwa kwa nini, kwa sababu niliujenga mimi, katika mwaka mmoja, nikiwa na miaka ishirini na tisa. Huo mwaka ndio ninaotaka kuusimulia, na sitaupaka rangi.

Ulianza Januari, siku zile Kyerwa ikiwa bado ndani ya Karagwe, na asubuhi za ukungu mzito kiasi kwamba mlinzi alikuwa anagonga kengele bila kuyaona madarasa. Ofisi niliyopewa ilikuwa ghala la kahawa kabla pale hapajawa shule. Walikuwa wameipaka chokaa na kuigawa kwa ubao laini, upande mmoja wangu, upande wa pili wa walimu, na harufu ya kahawa mbichi haikutoka humo hata siku moja. Ubao ule haukuzuia sauti. Wiki yangu ya kwanza niliketi na kalamu mkononi nikisikiliza walimu wangu wakinijadili. Mmoja alisema nitamaliza muhula nikilia. Mwingine akasema Meneja ameweka mwanamke ili apate wa kumlaumu. Walikuwa na sababu, maana wanafunzi wa kwanza kumaliza pale walikuwa wamefeli vibaya, wazazi walikuwa wanahamisha watoto, na katika mabweni kulikuwa na vitanda vitupu vilivyobaki na chaga tu. Siku ya Jumapili Meneja aliniita kwake kula. Sebule yake ilikuwa na makochi yaliyofunikwa vitambaa vya kufuma mpaka hujui pa kuegemea, na ndizi zililetwa zikiwa bado zimefunikwa jani la mgomba, na nyama pembeni. Alinipakulia mwenyewe. "Madam, wazazi wa huku hawatasoma vyeti vyako," aliniambia. "Watasoma matokeo. Nakupa mwaka mmoja. Ukishindwa tutaagana vizuri, hatutagombana." Nilikula nikashiba. Ninakiri kwamba niliondoka pale nikiwa na furaha.

Nilikuwa kiongozi mzuri. Hilo nalisema bila aibu, na ndilo linalonikera zaidi, kwa sababu kama ningekuwa mzembe ningekuwa na pa kujificha. Niliamuru walimu wawe wanakula chakula kilekile cha wanafunzi, na ndani ya wiki mbili maharage yakaacha kuwa na mawe. Nilisimama mlangoni mwa darasa kabla mwalimu hajafika, nikamsubiri humo bila kusema neno, akiingia naondoka. Hakuna aliyechelewa mara tatu. Nilijua jina la kila mtoto na kitanda chake. Nikaanzisha mtihani wa kila Jumamosi, matokeo yakibandikwa Jumatatu ukutani nje ya ofisi, na nikaweka sheria mbili. Ya kwanza: Jumamosi usipofanya mtihani, umepata sifuri, na sifuri hiyo inahesabiwa. Ya pili: wa kidato cha tatu ambaye wastani wake wa mwaka hautafika arobaini na tano, haendi kidato cha nne. Hiyo ya pili ndiyo tuliyoiita mchujo. Shule nyingi za binafsi zilikuwa nao na bado zinao, na kila mwenye shule atakwambia ni kwa faida ya mtoto. Nami nilisema hivyo, na nadhani Januari ile nilikuwa naamini.

Kazi nyingine niliyojipa ilikuwa kuwarudisha waliokwisha kuondoka. Mwezi wa tatu ulipoanza nilikwenda nyumba kwa nyumba na mwalimu wa hisabati, Laurian, kijana mwembamba asiyependa maneno mengi, ambaye mama yake alitoka kwa wafugaji. Ndivyo tulivyofika kwa Mzee Kashaija, mbali kwenye majani marefu upande wa mto Kagera, tumeacha pikipiki njiani na kumalizia kwa miguu. Binti yake Keziya alikuwa ameingia kidato cha tatu kwa jina tu. Tangu Januari baba yake alikuwa amemzuia nyumbani kwa sababu ya matokeo yale mabaya. Tulikaribishwa ndani. Kulikuwa na kalenda ya kanisa ukutani, na kwenye kichanja safu ya vibuyu vya maziwa vyenye vifuniko vya kusuka, vimepangwa kwa usafi ambao jikoni kwetu shuleni hatukuwa nao. Mzee aliomba kwanza, sala fupi, kisha tukapewa maziwa yenye harufu ya moshi wa majani wanayofukizia vibuyu. Mimi ni mtu wa kata ya Ndama, nimelelewa kwenye migomba na mibuni. Maziwa yale yalinishinda, lakini nikayanywa kwa adabu. Keziya alikuwa amekaa karibu na mlango, msichana mrefu wa miaka kumi na tisa, ananitazama kama mtu anayetaka kuninong'oneza jambo.

"Mwalimu, Kiswahili changu ni cha mnadani, utanisamehe," alianza mzee. "Mlifelisha watoto wa watu."

"Aliyekuwepo ameondoka, mzee. Mimi ni mgeni hapo."

"Na wewe ukiondoka?"

"Siondoki kabla Keziya hajamaliza. Nipe mtoto. Nitamfikisha kidato cha nne, na mtihani wake ataufanya mimi nikiwepo."

Alizungusha fimbo yake mkononi. "Umesema wewe, au imesema shule?"

"Nimesema mimi," nikamjibu, haraka, kama muuzaji anayeona mteja anaanza kulegea.

Keziya alirudi nasi siku ileile, sanduku lake la bati tumelifunga nyuma ya pikipiki. Wiki tatu baadaye baba yake alitokea shuleni kwa miguu akiwa na mtamba mwenye mimba, mwekundu, pembe zimeanza kufunguka. Aliwapita wanafunzi wote uwanjani, akamleta mpaka mbele ya ofisi yangu. "Huyu ni wako," alisema. "Sijawahi kumpa mwanamke ng'ombe. Lakini wewe ulisema kwa kinywa chako." Nilimshukuru sana. Nikawakusanya wanafunzi, nikawaambia shule imepata mchango kutoka kwa mzazi mwenye moyo, wakapiga makofi ya kupanga. Kisha nikaandika barua: Uongozi wa shule unakushukuru kwa mchango wako, na nikaigonga muhuri. Mzee aliipokea akaigeuza, akampa Keziya amsomee. Keziya alisoma kwa sauti ndogo, akamtafsiria kwa Kinyambo. Mzee aliikunja akaitia ndani ya koti. Niliona kuna jambo usoni mwake, nikadhani ni uchovu wa safari.

Laurian aliniambia siku ileile. Alisimama mlangoni mwa ofisi akauliza, "Madam, ile barua ilikuwa ya nini?"

"Ya shukrani."

"Ng'ombe wa kupewa haandikiwi barua. Unakwenda kwake na pombe ya ndizi, mnakaa, unamshukuru mbele ya watu wake. Huyu akizaa unakwenda tena kumwambia. Kuanzia leo wewe na mzee yule ni watu wa nyumba moja. Mtoto wake akikosea utamwadhibu, lakini humtupi."

"Laurian, mimi naendesha shule," nikasema. "Siendeshi zizi."

Alicheka kidogo kwa heshima, akaenda darasani. Sisi wa migomba tukipeleka kitu shuleni tunapeleka mkungu wa ndizi au debe la mahindi. Kinapikwa, kinaliwa, kimekwisha, na anayekula si lazima ajue kilitoka kwa nani. Nilimpima mzee yule kwa kipimo cha kwetu. Ningeweza kusema sikujua, na kwa saa chache ni kweli sikujua. Lakini baada ya Laurian kusimama mlangoni nilikuwa nimejua, nikaona ni usumbufu. Sikwenda kwake Aprili, sikwenda Mei. Mtamba alizaa Agosti na hakuna aliyempelekea habari. Septemba mzee alikuja mwenyewe. Nilimwona kupitia dirisha akiwa amesimama kwenye uzio wa shule, anamtazama ndama, anamwita mama yake kwa mluzi, na ng'ombe yule akainua kichwa akaja. Nilikuwa na wakaguzi ofisini. Nilipotoka alikuwa ameshaondoka. Tangu mwezi huo chai ya walimu ikawa ya maziwa, na kelele za upande wa pili wa ubao zikapungua, wakawa wananisifu.

Keziya alisoma. Si mwenye kipaji cha ajabu, sitaki kumpamba. Kiingereza kilimsumbua na alikuwa na aibu ya kusimama mbele ya wanafunzi wadogo kwake. Lakini alikuwa wa kwanza kuwasha taa darasani alfajiri, na Jumatatu alikuwa anasimama mbele ya karatasi ukutani akinakili alama zake kwenye daftari, pamoja na zile sifuri za Januari na Februari ambazo nilikuwa nimezibandika kwa mkono wangu. Siku moja alinijia ofisini, akapiga goti kidogo. "Madam, zile za mwanzo zitahesabiwa?" Nilimwambia asome kwa bidii, mengine aniachie mimi. Aliondoka akitabasamu. Nilimwambia hivyo na nilikuwa na maana hiyo, nafikiri, kwa kadiri mtu mwenye shughuli nyingi anavyokuwa na maana.

Kikao cha mchujo kilikaa mwisho wa Novemba, wakati wa senene. Vijana wa jikoni walikuwa wamewakaanga vizuri, sahani nzima mezani, na birika la chai ya maziwa lilikuwa linapita. Tulikuwa watu watano: mimi, Meneja, Laurian na walimu wawili wengine ambao hawakufungua midomo ila kwa kutafuna. Nilisoma majina kuanzia juu. Tulipofika chini ya mstari nikasoma Deo, arobaini na moja. Keziya, thelathini na nane. Na wengine sita. Meneja aliweka kikombe chini. "Huyu Deo mwezi wa tano alikuwa anaumwa," alisema. "Zile Jumamosi alizokuwa nyumbani msizihesabu." Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayeomba asogezewe sukari. Deo alikuwa mtoto wa dada yake. Tukaziondoa, tukagawanya upya, akapata arobaini na sita. Nilikuwa tayari naendelea na jina linalofuata Laurian aliposema, "Basi na Keziya tuziondoe. Januari mpaka Machi alikuwa nyumbani. Madam mwenyewe ndiye aliyemfuata." Alikuwa ameshapiga hesabu pembeni mwa karatasi yake. Akaisukuma mezani. Arobaini na saba.

Meneja hakumtazama Laurian, alinitazama mimi. "Sheria ni yako, Madam," alisema. Na ilikuwa kweli, aliniachia kabisa. Ningesema mtoto huyu apite, asingenifukuza kazi; angekunja uso, tungeendelea na senene. Lakini nilikuwa nimeona namna anavyonitazama, na mwaka wangu ulikuwa unaisha, na Keziya Kiingereza kilikuwa kinamsumbua. Nilifikiri sifuri moja tu ya kidato cha nne inatosha kuiharibu karatasi nzima ya matokeo. Nilisema, "Deo aliumwa. Keziya hakuumwa, alizuiwa na mzazi. Hizo ni habari mbili." Walimu wale wawili wakatikisa vichwa kukubali. Sauti yangu ilikuwa tulivu, naikumbuka mpaka leo, ya mtu anayejua kazi yake. Laurian alisogeza kikombe chake katikati ya meza, kimejaa, hakukinywa. "Na maziwa haya ni ya nani?" akauliza. Nikasoma jina linalofuata. Tukaendelea mpaka jina la mwisho, na barua nikazichapa mwenyewe kesho yake.

Mzee Kashaija alikuja siku ya kufunga shule. Nilimwamkia, akaitikia marahaba kama mtu asiye na ugomvi, akaketi, akaiegemeza fimbo ukutani. Keziya alibaki na sanduku lake upande wa walimu, na kwa kuwa ubao ule haukuzuia kitu nilijua anasikia.

"Mtoto amenisomea barua," alisema. "Ana kosa gani?"

"Hana kosa, mzee. Ni wastani tu. Amepata thelathini na nane, tunataka arobaini na tano."

Alihesabu polepole. "Amekosa saba."

"Ndiyo, saba. Anaweza kurudia kidato cha tatu, si mwisho wa dunia."

"Ana miaka kumi na tisa. Akae na watoto?" Akaniuliza, kwa upole ambao ningetamani usingekuwepo, "Hizo saba huwezi kumpa?"

"Alama hazitolewi, mzee. Zingekuwa zinatolewa ningempa."

"Hata Meneja hawezi?"

"Hata Meneja. Hakuna aliyepewa."

"Mimi nilikupa ng'ombe mzima," alisema. Hakusema kwa kudai. Nadhani alikuwa anajaribu kuelewa, anapanga vitu viwili kimoja kando ya kingine. Mimi nikalichukulia kama kudai, kwa sababu hilo lilikuwa na majibu. Nikamwambia kama anaona hivyo, ng'ombe yupo, na ndama wake, anaweza kuwachukua leo hii, nitamwita kijana awafungue. Alinyanyua kichwa. "Nikimchukua tumeachana," alisema. "Mimi sijakuacha, mwalimu. Ni wewe umeniacha." Akachukua fimbo yake. Mlangoni akageuka akasema, "Kama hazitolewi, hazitolewi," akatoka. Nilimsikia akimwambia binti yake maneno machache ya Kinyambo, na Keziya akiitikia. Kisha Keziya akaingia, akapiga goti, akaniaga vizuri, akanishukuru kwa kumfundisha. Macho yake yalikuwa mekundu. Waliondoka wamelishika sanduku huku na huku, naye mzee hakupita upande wa uzio kumwona ng'ombe.

Januari barua ya uhamisho iliombwa na shule nyingine ya Karagwe, nami nikajaza wastani, thelathini na nane, bila maelezo. Wakamtaka aanze kidato cha pili. Hakwenda. Mtihani wa kidato cha nne hakuufanya mwaka ule wala mwaka mwingine wowote. Katika mtihani wa mwaka huo shule yetu haikutoa sifuri hata moja. Deo alipata daraja la nne, jambo ambalo hakuna aliyelitaja, na Meneja alichinja mbuzi. Vitanda vikajaa. Laurian aliomba kuondoka mwisho wa muhula, akaandika kwamba ni kwa sababu za kifamilia. Nilidumu pale miaka kumi na mmoja, ng'ombe yule akazaa mara tano, na tulikunywa chai ya maziwa mpaka nilipohama. Nimealikwa kwenye semina za wakuu wa shule binafsi kufundisha uongozi. Nimesimama mbele ya watu wazima wenye kalamu nikawaambia juu ya nidhamu, ufuatiliaji na sheria isiyopindishwa kwa mtu yeyote, na wameandika. Siku niliyosikia Mzee Kashaija amefariki nilikuwa natayarisha semina kama hizo. Nilituma barua ya rambirambi, yenye muhuri.

Baada ya mazishi pale Isingiro tuliandaliwa chakula. Nilikuwa nimesimama na sahani ya ndizi nisiyoila, mama mmoja mnene, mwenye kitenge na shali, alipokuja akapiga goti. "Shikamoo Madam. Hunikumbuki. Ni Keziya wa Mzee Kashaija." Alinipokea sahani, akaiweka mezani, akacheka kwa furaha ya kweli. Aliniambia ameolewa Kituntu, analima kahawa na migomba, mtoto wa wafugaji aliyejifunza kupogoa akiwa na watoto wawili mgongoni. Sasa wako wanne, na wa kwanza yuko chuo cha ualimu. Amekuja na kwaya. "Ulipoitwa usimame nilikupigia makofi sana," alisema. "Nikawaambia wenzangu, huyo ndiye alinifuata nyumbani kwa miguu."

Nilimwuliza juu ya baba yake, kwa sababu nilipaswa kuuliza.

"Tata alikutaja mpaka mwisho. Ndugu zake walimwambia akamdai mwalimu ng'ombe wake, akakataa. Alisema, yule alama hazikuwa zake, zingekuwa zake angetoa. Hakuwa na kinyongo na wewe, Madam, usije ukafikiri." Akatazama upande ambako Deo alikuwa anasalimiana na wageni, suti nyeusi, watu wanamwinamia. "Na mimi nawaambia watoto wangu hivyohivyo. Tulisoma na Deo darasa moja. Yeye alipata, mimi nikakosa saba. Haki ni haki. Kila mtu na kichwa chake."

Kama ningekuwa na huruma ningesema ndiyo, kila mtu na kichwa chake, tukaagana. Lakini makofi yale yalikuwa bado yananiwasha, na nilitaka kuyatua. Nilimwambia, "Hukukosa." Nilimwambia pale pale, katikati ya watu wanaopita na sahani: Jumamosi za Deo tulizoziondoa, zake tulizoziacha, karatasi ya Laurian, arobaini na saba. Nikamwambia kwamba uamuzi ulikuwa wangu peke yangu na kwamba nilimdanganya baba yake macho kwa macho. Nilisema yote, na nilipokuwa nasema nilihisi wepesi kifuani. Nilihisi vizuri. Hilo nalo naliandika.

Keziya alinisikiliza mpaka mwisho. Alitazama mikono yake, akaanza kuusugua utomvu wa migomba uliokwisha kugandia kwenye kidole gumba, akausugua kwa muda mrefu. Furaha yote ilikuwa imemtoka usoni, na aliyebaki alikuwa mama wa makamo aliyechoka.

"Miaka yote hii ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Ungekaa nalo, Madam," alisema. "Mimi nilikwisha kuzoea kwamba sikuwa na akili ya kutosha. Nimeishi na hilo, nimelea nalo watoto. Sasa hili unalonipa nitaliweka wapi?"

Nilitaka kumwomba msamaha, na nilianza. Alinishika mkono, si kwa ukali, kama unavyomzuia mtoto asiendelee kusema mbele ya wageni. Wenzake wa kwaya walikuwa wanamwita, gari linaondoka. Alirekebisha shali yake, akanitazama mara moja tu, akaenda bila kupiga goti.